Somo la ufundi: Kubadili tairi la nyuma la pikipiki nyumbani

Ndugu wasomaji, leo tutajifunza kazi ambayo wengi wetu tunaiona kila siku pembeni mwa barabara. Ni kazi ya kubadili tairi la nyuma la pikipiki. Tutaifanya nyumbani, kwa kutumia stendi na vifaa vichache. Someni somo hili polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa kidole. Baadaye mkasome tena mbele ya pikipiki yenyewe.

Kwa nini tujifunze kazi hii?

Hapa Ilemela pikipiki imekuwa mguu wa watu wengi. Inabeba dagaa na sato kutoka mialo ya Igombe na Kayenze. Inabeba mama mjamzito kwenda zahanati. Inabeba mtoto wa shule, gunia la mahindi, na kreti la soda. Barabara zetu ziko za aina nyingi. Kuna lami, kuna changarawe, kuna mchanga wa ufukweni, na kuna vilima vya mawe kama vile vya Bwiru na Kitangiri. Mawe hayo yanakula tairi. Na tairi la nyuma ndilo linaloliwa kwanza.

Sababu yake ni rahisi. Gurudumu la nyuma lina kazi mbili kubwa. Kwanza linasukuma pikipiki, kwa kuwa nguvu ya injini inafika kwake kupitia cheni. Pili linabeba sehemu kubwa ya mzigo, maana abiria na kifurushi hukaa juu yake.

Watu wengi wanafikiri kazi ngumu ni kutoa tairi. Sivyo. Kutoa tairi kunataka nguvu tu. Kazi yenye hatari ni kurudisha gurudumu mahali pake. Nati moja ikisahauliwa, au chuma kimoja kisipofungwa, gurudumu linaweza kukwama ghafla pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Wakati huo mgongoni mwa dereva kuna abiria anayemwamini. Kwa hiyo jambo kuu la somo letu ni hili: fungua kwa utaratibu, ili uweze kufunga bila kusahau kitu.

Maneno ya kujifunza

Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu majina ya sehemu.

Gurudumu ni kitu chote kinachozunguka: ringi, tairi na tyubu pamoja.

Ringi ni duara la chuma linaloshika tairi. Nyingine zina spoku, nyingine zimemiminwa zikawa chuma kimoja.

Tyubu ni mpira wa ndani unaoshika upepo.

Ekseli ni chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu.

Spoketi ni duara la meno linalovutwa na cheni.

Uma wa nyuma ni mikono miwili ya chuma inayolishika gurudumu kulia na kushoto.

Bushi ni kipande cha bomba kinachovaliwa kwenye ekseli ili kuacha nafasi kati ya gurudumu na uma.

Chuma kizuizi ndilo jina tutakalotumia kwa ule mkono wa chuma unaounganisha kifuniko cha breki na uma wa nyuma. Kiangalieni vizuri. Tutakitaja mara nyingi.

Kusoma tairi kabla ya kulinunua

Ndugu msomaji, kujua kusoma kunasaidia hata dukani. Tairi limeandikwa ubavuni. Anayejua kusoma maandishi hayo hadanganywi kirahisi.

Tafuta kwanza ukubwa. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia tairi la nyuma lililoandikwa 3.00-17. Namba ya kwanza, 3.00, ni upana wa tairi kwa inchi. Namba ya pili, 17, ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Tairi la 18 haliingii vizuri kwenye ringi ya 17, hata muuzaji akiapa. Soma namba ya tairi lako la zamani, iandike kwenye karatasi, uende nayo dukani.

Pili, tafuta namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Kwa mfano, ukiona 50P, namba 50 maana yake tairi hilo limetengenezwa kubeba kilo 190, si zaidi. Herufi P maana yake mwendo wa mwisho wa tairi hilo ni kilomita 150 kwa saa. Tutarudi kwenye kilo hizi mbele kidogo, tutakapofanya hesabu.

Tatu, tafuta tarehe. Ubavuni kuna alama yenye namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3521, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Unakuwa mgumu na kupasuka nyufa. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama linaonekana zima. Kwa hiyo usitazame weusi wake tu. Soma tarehe.

Nne, tafuta mshale. Matairi mengi yana mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Tairi likifungwa kinyume, kashata zake hazisukumi maji vizuri wakati wa mvua.

Kashata ni ile michoro iliyochimbwa kwenye mpira. Ubavuni, karibu na kashata, mara nyingi kuna herufi TWI. Ukifuata herufi hizo hadi ndani ya mfereji wa kashata, utaona kinundu kidogo. Mpira ukiliwa mpaka ukalingana na kinundu hicho, tairi limekwisha. Usingoje mpaka liwe kipara.

Upepo ndio unaobeba

Mwaka 1888, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo magurudumu mengi yalikuwa ya mbao, chuma au mpira mgumu, na yalitikisa mwili vibaya.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mzigo wa pikipiki haubebwi na mpira. Unabebwa na upepo uliobanwa ndani ya mpira. Upepo ukiwa mdogo, ubavu wa tairi unakunjika na kunyooka kila linapozunguka. Tairi linapata moto na tyubu inasuguliwa. Hapo pancha haziishi, na mwenye pikipiki anamlaumu muuza tairi bure.

Vifaa tunavyohitaji

Tayarisheni vifaa hivi kabla ya kugusa nati yoyote:

1. Spana zinazolingana na nati za ekseli na za breki. Spana inayocheza hula kona za nati.
2. Koleo ya kutoa na kukunja pini.
3. Vyuma viwili au vitatu vya kubandulia tairi, vyenye ncha butu. Bisibisi haifai, kwa sababu inatoboa tyubu.
4. Maji ya sabuni na kitambaa.
5. Pampu, na kipimo cha upepo kama kipo.
6. Gunia safi au turubai la kuwekea vitu.
7. Ubao mnene na mawe mawili makubwa.
8. Tairi jipya. Kama tyubu ina viraka vingi, nunua na tyubu mpya.

Kazi ya stendi

Pikipiki nyingi za bodaboda zina stendi mbili. Ile ya pembeni ni ya kuegesha tu. Haifai kwa kazi hii, kwa sababu gurudumu la nyuma linabaki chini. Tunatumia stendi ya katikati, yenye miguu miwili.

Chagueni mahali pa usawa na pagumu. Kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, jambo hili si dogo. Stendi inazama kwenye mchanga, na pikipiki inaanguka kazi ikiwa katikati. Wekeni ubao mnene chini ya miguu ya stendi. Ubao huo una faida mbili: unazuia kuzama, na unainua gurudumu ili lipate nafasi ya kupita chini ya madigadi.

Kabla ya kuinua pikipiki, fanyeni mambo matatu. Kwanza zimeni injini na kutoa ufunguo, na kama imetoka safarini subirini bomba la moshi lipoe. Pili, legezeni kidogo nati ya ekseli wakati gurudumu bado liko chini. Ukiilegeza juu ya stendi kwa nguvu, unaweza kuisukuma pikipiki ikaanguka. Tatu, muite mtu wa pili ashike usukani.

Baada ya kuinua, wekeni jiwe moja mbele ya gurudumu la mbele na lingine nyuma yake. Gurudumu la nyuma likishatoka, uzito wote unaegemea mbele. Bila mawe hayo pikipiki inaweza kusogea na kushuka kwenye stendi.

Je, kama pikipiki haina stendi ya katikati? Pikipiki za mwendo kasi, zile za mashindano, hazina. Hizo zina stendi yake ya pekee, ya bomba za chuma, yenye umbo kama herufi U na magurudumu madogo. Inashika uma wa nyuma kulia na kushoto, halafu unabonyeza mkono wake chini na sehemu ya nyuma inanyanyuka. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Lakini ijaribiwe kwanza gurudumu likiwa bado limefungwa, kwa kuitikisa pikipiki taratibu. Tena breki ya mbele ifungwe kwa ukanda wa mpira ili pikipiki isitembee.

Wengine wanatumia kreti la soda au tofali zilizopangwa. Tunawashauri waache. Kreti linacheza, na tofali inapasuka bila taarifa. Pikipiki ya kilo 120 ikimwangukia mtu mguuni inavunja mfupa.

Watoto wakae mbali. Na tukumbuke: cheni haizungushwi kwa injini wakati mkono uko karibu. Kidole kikiingia kati ya cheni na spoketi kinakatika.

Hatua za kutoa gurudumu

Hatua ya 1. Tandikeni gunia upande wa kulia wa kazi. Kila kitu kinachotoka kipangwe juu yake kwa mstari, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Wakati wa kufunga mtaanza na cha mwisho. Bushi ziwekwe zikitazama upande ule ule zilivyotoka. Kwa kuwa tunajua kuandika, tunaweza pia kuandika namba kwa chaki. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha kwanza.

Hatua ya 2. Fungueni nati ya fimbo ya breki, ile inayotoka kwenye pedeli. Springi yake na kipande chake kidogo virudishwe kwenye fimbo hiyo hiyo ili visipotee mchangani.

Hatua ya 3. Fungueni chuma kizuizi. Toeni kwanza pini ndogo iliyokunjwa, kisha nati, kisha bolti. Hesabuni: pini moja, nati moja, bolti moja. Viwekeni pamoja.

Hatua ya 4. Tazameni upande wa spoketi. Pikipiki nyingi zina nati mbili hapo. Nati ndogo ni ya ekseli. Nati kubwa inashikilia spoketi kwenye uma. Kama yako ni ya aina hii, usiguse nati kubwa. Fungua ndogo, chomoa ekseli, toa bushi ya upande wa breki, kisha vuta gurudumu kuelekea upande wa breki. Litaachana na spoketi, nayo cheni itabaki mahali pake.

Kama pikipiki yako ina nati moja tu, legeza virekebisha cheni vya pande zote mbili. Hesabu mizunguko: ukizungusha mara tano kulia, zungusha mara tano kushoto. Sukuma gurudumu mbele, toa cheni kwenye spoketi, kisha chomoa ekseli. Hakuna haja ya kukata cheni.

Hatua ya 5. Toeni kifuniko cha breki na mtazame ndani. Viatu vya breki vikiwa vimeliwa sana, huu ndio wakati wa kuvibadilisha. Vumbi la humo ndani lisipulizwe kwa mdomo, maana linadhuru mapafu. Lipanguseni kwa kitambaa chenye maji. Mafuta na grisi visiguse kabisa sehemu ya breki. Tazameni pia raba zinazokaa kati ya gurudumu na spoketi, zile zinazopunguza mshtuko. Zikiwa zimesagika, zibadilishwe.

Kutoa tairi kwenye ringi

Lazeni gurudumu juu ya gunia, spoketi au breki isiguse mchanga. Toeni upepo wote. Funguenì nati ya mdomo wa tyubu.

Sasa kanyageni tairi kwa kisigino, karibu na ringi, kuzunguka pande zote, mpaka liachane na ringi. Geuzeni, mfanye hivyo upande wa pili. Pakeni maji ya sabuni.

Hapa kuna siri moja. Ringi ina bonde katikati yake. Mdomo wa tairi una waya ndani, na waya haunyooki. Ukivuta kwa nguvu tu, utachoka na kuharibu ringi. Lakini ukiusukuma mdomo wa tairi uingie kwenye bonde upande mmoja, upande wa pili unapata nafasi ya kuruka ringi. Kwa hiyo anzeni kubandua karibu na mdomo wa tyubu, huku mtu akikanyaga upande ulio mkabala ili ushuke bondeni. Ingizeni chuma cha kwanza, kisha cha pili umbali wa kiganja kimoja. Endeleeni kidogo kidogo. Upande mmoja ukishatoka wote, vuteni tyubu, kisha toeni tairi.

Kabla ya kufunga jipya, kagueni ringi. Pitisheni kitambaa ndani ya tairi la zamani: kikinasa, kuna mwiba au msumari, nanyi mtajua pancha zilitoka wapi. Kama ringi ni ya spoku, kuna utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku. Utepe huo ukichanika, tyubu mpya itatobolewa siku hiyo hiyo.

Kufunga tairi jipya

1. Tazameni mshale. Uelekee upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele.

2. Kama tairi lina kidoa kidogo cha rangi ubavuni, kiwekeni karibu na mdomo wa tyubu. Kidoa hicho kinaonyesha upande mwepesi wa tairi.

3. Pakeni sabuni. Ingizeni upande mmoja wa tairi kwenye ringi. Mara nyingi unaingia kwa mikono na magoti.

4. Jazeni tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo la duara. Ingizeni ndani ya tairi, mpitishe mdomo wake kwenye tundu, mfunge nati yake kwa mizunguko michache.

5. Anzeni kuingiza upande wa pili mkabala na mdomo wa tyubu, mje mkimalizia kwenye mdomo huo. Kabla ya kumalizia, sukumeni mdomo wa tyubu kwenda ndani kidogo, ili tyubu isibanwe chini ya tairi. Tyubu nyingi mpya hutobolewa hapa na chuma cha fundi mwenye haraka.

6. Jazeni upepo, kisha mtoe wote, kisha mjaze tena. Kufanya hivyo kunanyoosha mikunjo ya tyubu.

7. Kuzunguka ubavu wa tairi kuna mstari mwembamba karibu na ringi. Mstari huo uwe sawa pande zote. Ukizama mahali pamoja, toeni upepo, mpake sabuni, mjaze tena.

Je, upepo uwe kiasi gani? Someni kitabu cha pikipiki, au karatasi iliyobandikwa kwenye uma au kava ya cheni. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda, gurudumu la nyuma linataka kati ya 28 na 36 kwa kipimo cha PSI, kulingana na mzigo. Msizidishe namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Tairi lisilo na tyubu, kama lile la pikipiki za mashindano, linabana ringi kwa nguvu sana. Gurudumu unaweza kulitoa nyumbani, lakini tairi lipelekwe kwa fundi mwenye mashine. Na kama breki ya nyuma ni ya sahani, usikanyage pedeli gurudumu likiwa nje.

Kurudisha gurudumu

Anzeni na kitu cha mwisho kwenye gunia, mrudi nyuma mpaka cha kwanza. Kifuniko cha breki, gurudumu, bushi, ekseli, nati. Futeni ekseli na mpake grisi kidogo.

Kama mlilegeza cheni, rudisheni mizunguko ile ile. Kwenye uma kuna alama za mistari, kulia na kushoto. Zikilingana, gurudumu limenyooka. Zisipolingana, pikipiki inavuta upande mmoja na cheni inakula meno ya spoketi. Cheni ikibonyezwa katikati ipande na kushuka kiasi cha upana wa vidole viwili hivi. Ikikaza sana, inavuta beringi. Ikilegea sana, inaruka.

Sasa fungeni chuma kizuizi. Bolti, nati, pini. Pini ikunjwe pande mbili. Pini ya zamani ikiwa imekatika mguu, tieni mpya. Pasiwekwe waya wa uzio.

Tueleze kwa nini tunasisitiza. Ukikanyaga breki, viatu vya breki vinalishika gurudumu. Gurudumu nalo linataka kukizungusha kifuniko cha breki. Chuma kizuizi ndicho kinachokizuia. Kama hakikufungwa, kifuniko kinazunguka pamoja na gurudumu, kinaivuta fimbo ya breki na kuipinda, na gurudumu linakwama. Dereva aliyekuwa akishuka mlima anajikuta chini, na abiria wake pia. Ajali ya namna hii inaanza na bolti moja iliyobaki kwenye gunia.

Mwisho kazeni nati ya ekseli. Mkaze kwa nguvu za mkono na spana ndefu, wala msiongeze bomba refu juu ya spana, maana mnaweza kukata meno ya ekseli. Shusheni pikipiki, mkaze tena gurudumu likiwa chini. Kisha rekebisheni breki, pedeli ishuke kidogo tu kabla ya kushika.

Ukaguzi kabla ya kupakia mtu

Someni orodha hii kwa sauti. Mmoja asome, mwingine aguse kwa mkono na kujibu "ipo".

Nati ya ekseli imekazwa.
Chuma kizuizi kina bolti, nati na pini.
Fimbo ya breki imefungwa.
Gurudumu linazunguka bila kugusa kitu.
Gurudumu likitikiswa kulia na kushoto halichezi.
Cheni ina nafasi yake.
Upepo umepimwa.
Gunia halina kitu kilichobaki.

Likibaki jambo moja bila jibu, pikipiki isitoke. Jaribuni kwanza bila abiria, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkikanyaga breki mara tatu au nne. Tairi jipya linateleza siku za mwanzo, kwa hiyo msilale kwenye kona. Baada ya kilomita 20 au 30, simameni mkague nati tena.

Gurudumu likicheza baada ya kufungwa, huenda beringi zimekwisha. Ringi ikiwa imepinda au spoku zimekatika, mpelekeeni fundi. Kujua kazi ni pamoja na kujua mahali pa kuishia.

Hesabu yetu ya leo

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 50P. Linabeba kilo 190.

Tuseme gurudumu la nyuma linabeba kilo 60 za pikipiki yenyewe. Kutoka kwa dereva linabeba kilo 40, kwa kuwa uzito wake mwingine uko mbele. Abiria ana kilo 65.

60 + 40 + 65 = 165.
190 − 165 = 25.

Kwa hiyo zimebaki kilo 25 tu. Sasa dereva apakie mishikaki, yaani abiria wawili, na wa pili naye awe na kilo 65.

165 + 65 = 230.
230 − 190 = 40.

Tairi limezidishiwa kilo 40. Sheria inakataza mishikaki, na hesabu nayo inakataza.

Tairi la zamani tulifanye nini?

Lisichomwe moto. Moshi wake una sumu. Lisitupwe nyuma ya nyumba likajaa maji, maana mbu wanaoeneza homa ya dengi wanapenda kuzaa humo. Mshona katambuga anaweza kulihitaji. Kama lazima likae, litobolewe matundu ili maji yatoke.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tairi limeandikwa 1218. Lilitengenezwa wiki gani, mwaka gani?
2. Kwa nini tunalegeza nati ya ekseli kabla ya kuinua pikipiki kwenye stendi?
3. Tunaanza kubandua tairi upande gani, na kwa nini?
4. Eleza kazi ya chuma kizuizi. Kisipofungwa kutatokea nini?
5. Gunia la dagaa lina kilo 45. Kwa mfano wetu wa hesabu, je, dereva anaweza kulibeba pamoja na abiria mmoja? Onyesha hesabu.
6. Kila mmoja asome ubavu wa tairi moja la pikipiki hapo kijijini au mtaani. Aandike ukubwa, namba ya mzigo na tarehe yake, kisha awasomee wenzake.

Ndugu wasomaji, ikateni orodha ya ukaguzi, mwibandike ukutani mnapoegesha pikipiki. Ataifungua yeyote mwenye spana. Lakini asiitoe barabarani kabla ya kuisoma orodha hiyo mpaka mstari wa mwisho.